Alan Rickman: Alikawia, lakini alifika

Je, msomaji, wamkumbuka yule kiongozi wa majambazi katika filamu ya Die Hard, jamaa wa suti safi na sauti nzito aliyemtoa jasho Bruce Willis ndani ya jumba refu la Los Angeles? Huyo alikuwa Mwingereza Alan Rickman. Filamu hiyo ilipotoka mwaka wa 1988, wengi walidhani ni mkongwe wa sinema. La hasha! Hiyo ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza, naye alikuwa na umri wa miaka 42.

Rickman alizaliwa Februari 21, 1946, mtaani Acton, London. Baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alifariki Alan akiwa na miaka minane tu, akamwachia mkewe watoto wanne wa kulea. Kijana huyo alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya Latymer Upper, na huko akaonja utamu wa jukwaa.

Hata hivyo, alipokuwa na miaka 18, kusomea uigizaji hakukuonekana kuwa jambo la busara. Akaenda chuo cha sanaa cha Chelsea kujifunza kazi ya michoro, kisha yeye na marafiki zake wakafungua ofisi yao ya kazi hiyo.

Alipofikisha miaka 26, aliandika barua kwa RADA, chuo maarufu cha maigizo jijini London, akiomba ajaribiwe. Hebu fikiria, msomaji: mtu mwenye ujuzi na biashara yake anarudi kuketi darasani! Alianza masomo mwaka wa 1972, na ili kujikimu akafanya kazi ya kuwavisha waigizaji wakubwa, akiwemo Sir Ralph Richardson, mavazi ya jukwaani.

Baada ya chuo, alizunguka katika kumbi za michezo ya kuigiza kwa miaka mingi. Mwaka wa 1982 watazamaji wa BBC walimwona katika The Barchester Chronicles akiigiza kasisi mnafiki. Mwaka wa 1987 mchezo wa Les Liaisons Dangereuses ulimfikisha New York, na huko ndiko watengenezaji wa Die Hard walikomwona.

Unakumbuka anavyoanguka kutoka ghorofani? Waliokuwa wakimshika walimwachilia kabla ya hesabu waliyokubaliana. Mshtuko ule usoni mwake haukuwa maigizo!

Tangu hapo mambo yalimnyookea. Alituzwa BAFTA kwa Robin Hood: Prince of Thieves ya mwaka wa 1991, na filamu ya televisheni ya Rasputin, ya mwaka wa 1996, ikamletea tuzo za Emmy na Golden Globe. Watoto wa siku hizi wanamjua zaidi kama Mwalimu Snape katika filamu nane za Harry Potter, kuanzia 2001 hadi 2011. Mwandishi J.K. Rowling alimdokezea siri moja ya Snape kabla vitabu vyote havijatoka, naye akaihifadhi kwa miaka.

Hata ndoa hakuikimbilia. Alikutana na Rima Horton mwaka wa 1965, wakafunga ndoa mwaka wa 2012. Saratani ya kongosho ilimuua Januari 14, 2016, akiwa na miaka 69.

Mzazi, huenda nyumbani mwako yuko kijana mwenye cheti cha uhasibu anayetaka kuanza upya. Usiharakishe kusema amepotea. Nawe kijana, usimwonyeshe mzazi wako Rickman wa tuzo pekee. Mwonyeshe yule aliyeandika barua, akarudi darasani, akabeba nguo za wenzake, na akangoja miaka 16 kabla ya dunia kumjua. Uko tayari kungoja hivyo? Ikiwa uko tayari, basi kawia ufike.