Kungwi wa Bwana Harusi Yuko Wapi?

Kabla ya ndoa, binti wa pwani huketishwa na kungwi. Hufundishwa kufukiza udi, kutunga vikuba, kuusoma uso wa mtu arudiye nyumbani amekasirika, kujua lini aseme na lini anyamaze. Mijini, kazi hiyo imehamia ukumbini na kuitwa kicheni pati: michango hukusanywa, sare hushonwa, na akina mama wenye vipaza sauti humweleza bibi harusi, mbele ya umati, namna ya kumtunza mume. Siku hiyo bwana harusi yuko wapi? Yuko na rafiki zake, akihesabu ahadi za michango ambazo hazijalipwa.

Nasema wazi: tumeyafanya mahaba kuwa huduma. Upande mmoja hufunzwa kutoa, upande wa pili hungoja kupokea, kisha twashangaa kwamba watu wawili wanaolala kitanda kimoja hawajuani.

Katikati ya karne ya 19, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi wa mafunzo ya mke. Simlaumu; alikuwa mama aliyemtakia mwanawe salama katika dunia aliyoijua. Lawama yangu ni kwetu sisi tunaousomesha vyuoni kana kwamba wajibu ule una mtu mmoja tu.

Mwanamume naye, katika jamii zetu nyingi, alikuwa na jando. Lilikuwa na kasoro zake na sitaki kulipamba, lakini wazee waliketi na vijana wakawaeleza wajibu wa mtu mzima kwa mwenziwe. Leo tohara ni kazi ya zahanati, hasa tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza mwaka 2007 ili kupunguza maambukizi ya VVU. Ni jambo jema. Ngariba amepata mrithi, mwalimu hakupata.

Ndipo twampata mume ambaye bila shaka nawe unamfahamu: msomi, mtumishi wa umma, mstaarabu kazini. Mkewe akisema ana upweke, hujibu, "Nimekunyima nini?" Kwa hakika hajamnyima kitu kinachohesabika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hapa Tanzania, inamtaka mume ampe mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, naye ametoa vyote vitatu akajiona amemaliza deni. Hakuna kifungu kiwezacho kumwamuru amshike mwenziwe mkono bila kutaka kitu kingine, au aulize, "Leo umeshindaje?" na kusubiri jibu. Mke huguswa usiku, taa zikizimwa, tena kwa haraka. Mchana haguswi hata kwa neno. Kama yeye naye ana hamu, ana kinachompendeza na kinachomkera, hilo halikuulizwa tangu siku ya harusi. Shauri likifika kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, mume huapa kwamba hakuona dalili yoyote. Namwamini. Hakufundishwa kutazama.

Nitaambiwa mambo ya chumbani hayasemwi hadharani. Yanasemwa! Yanasemwa kwa kipaza sauti ukumbini, yanaandikwa kwenye kanga, yanaimbwa katika taarabu. Usiri huzuka tu inapofika zamu ya mwanamume kuambiwa. Wengine watadai kwamba maneno laini ni mambo ya Wazungu wa kwenye filamu. Lugha yenye huba, mahaba, nyonda, ashiki, muhibu na laazizi ilijifunza hayo katika filamu gani? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa mshairi wa siasa na vita, na alitunga pia juu ya mapenzi bila kuona haya.

Basi ninyi mlio kwenye kamati za harusi msimu huu, kabla ya kulipia ukumbi mtafutieni bwana harusi mzee mmoja ambaye mkewe bado hucheka akiwa naye. Waketi jioni mbili tatu. Amfundishe kusikiliza kabla ya kugusa, kuuliza, na kulikubali jibu hata likiwa ni hapana. Gharama yake ni chai na maandazi.