Dagaa hufuata mwezi, kodi ya mtoto hufuata kalenda

Simu huingia siku ambayo hakuna fedha. Kisiwani Rukuba, Musoma Vijijini, mbalamwezi imetanda juu ya ziwa. Mitumbwi imevutwa mchangani, taa zimewekwa ndani, na wavuvi wa dagaa wanashona nyavu wakisubiri giza lirudi. Upande wa pili wa simu yuko kijana anayesoma chuo Kampala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo mama. Bibi anaendeleaje?" Kisha kimya kidogo. "Mama, mwenye nyumba amekuja tena leo."

"Vumilia baba. Giza likiingia nitatuma."

Wazazi wengi wa visiwani na mialoni wanayajua mazungumzo ya aina hii. Mama hajadanganya. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu mwanga ndio huwavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu yake, na kazi husimama kwa wiki moja au zaidi. Hapo bado hujahesabu masika, wakati dagaa walioanikwa hawakauki vizuri na mzigo uliotakiwa kuliwa na watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Kijana naye hajadanganya. Mwenye nyumba wa Kampala hana habari na giza wala mbalamwezi. Anachojua ni tarehe ya kodi. Na kwa kuwa mwezi wa angani una siku 29 na nusu, mbalamwezi haikai tarehe moja. Mwaka huu inaweza kuangukia katikati ya mwezi wa kalenda, mwaka ujao ikaangukia siku zilezile za kodi.

Ndiyo maana familia inaweza kuwa na kipato cha kutosha kwa mwaka mzima, lakini mtoto akalala njaa mara nne au tano ndani ya mwaka huohuo.

Mpe mtoto mshahara

Kosa la kawaida la mzazi mwenye upendo ni kutuma kadiri ziwa lilivyotoa. Chukua mfano wa familia ambayo, baada ya gharama zote za nyumbani na za kazi, inabakiwa na 500,000 mwezi mzuri, 300,000 mwezi wa kawaida na 100,000 mwezi mbaya. Ikituma zote kila mara, mwezi wa kwanza kijana ananunua viatu na kuwasaidia wenzake. Mwezi wa tatu anaomba mkopo kwa wenzake haohao.

Jumla ya miezi hiyo mitatu ni 900,000. Familia ileile ikiamua kutuma 250,000 kila mwezi, itakuwa imetuma 750,000 na kubakiwa na 150,000 ya akiba. Kijana atapokea kiasi kidogo kuliko alichozoea mwezi mzuri, lakini atajua tarehe ya kukipata. Mwanafunzi anayejua tarehe anaweza kuongea na mwenye nyumba kwa kujiamini. Asiyejua hubaki kujificha.

Wajerumani wameufanya utaratibu huu kuwa sharti. Mwanafunzi wa kigeni anayejitegemea anaweza kutakiwa kuweka fedha za mwaka mzima katika akaunti maalumu kabla ya kupata viza. Tangu Septemba 2024 kiwango hicho ni euro 11,904, na akishafika huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Fedha zipo, ila mlango wake hufunguka mara moja kwa mwezi. Mzazi wa Rukuba hahitaji kiasi hicho kwa mtoto aliyeko Uganda, lakini anaweza kuiga mlango huo. Fedha za giza ziingie kwanza kwenye akaunti au kikoba, kisha mshahara wa mtoto utoke siku moja iliyopangwa.

Kianzio ni muhimu. Kabla mtoto hajapanda gari, familia iwe na angalau miezi miwili ya matumizi yake pembeni. Bila hiyo, mbalamwezi ya kwanza itavuruga mpango wote.

Nyavu zisiguswe

Mambo yakibana, wazo la kwanza huwa ni kuuza kitu. Mbuzi anaweza kuuzwa. Nyavu, taa na injini ya mtumbwi ni jambo jingine. Hivyo ndivyo vinavyolipa ada ya muhula ujao, na pia madaftari ya wadogo zake waliobaki nyumbani. Anayeuza injini alipie muhula mmoja amekata mihula yote inayofuata. Ni heri kwenda mapema ofisi ya fedha ya chuo na kuomba kulipa kwa awamu. Maombi hayo husikilizwa vizuri zaidi kabla ya tarehe ya mwisho kuliko baada yake.

Ufadhili nao una mipaka

Mkoa wa Mara una historia ndefu ya kusomesha watoto mbali. Julius Nyerere wa Butiama alikwenda Makerere mwaka 1943, na mwaka 1949 akasafiri hadi Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake. Nyumbani alikuwa amemwacha mama yake, Mugaya, mjane tangu mwaka 1942. Mpaka leo ufadhili humtunza mwanafunzi, lakini haumtunzi kila aliyekuwa akimtegemea.

Kwa hiyo hata mtoto akipata nafasi inayolipiwa, mzazi aulize maswali ya wazi. Nani analipa nauli ya kwenda na kurudi? Bima ya afya je? Posho ya kwanza itaingia baada ya siku ngapi, na mtoto atakula nini kabla haijaingia? Na muhimu kuliko yote, je, nyumbani wanatarajia mtoto awatumie chochote kutoka kwenye posho hiyo? Kama jibu ni ndiyo, lisemwe mapema.

Kazi ya mtoto upande wake

Kijana naye ana wajibu. Fedha ikiingia, kodi na nauli ya kwenda chuoni vitoke siku hiyohiyo, kinachobaki kigawanywe kwa wiki. Kupika wawili chumba kimoja ni nafuu kuliko kila mtu kununua sahani yake. Na kama kuna mtu wa kumpelekea, mfuko wa dagaa wakavu wa Rukuba utamfaa sana. Kampala wanawaita mukene, na huko wananunuliwa kwa fedha.

Akitaka kufanya kibarua, asome kwanza masharti ya viza yake. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayevuka kiwango hicho ili kufidia pengo la nyumbani anaweza kupoteza masomo yenyewe.

Semeni ukweli

Hesabu zote hizi huharibiwa na aibu. Mzazi anaficha kwamba mzigo wa dagaa umenyeshewa. Mtoto anaficha kwamba anakula mara moja kwa siku. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na wote wawili wanaumia.

Simu ya Rukuba ingeweza kwenda hivi: "Mwanangu, mbalamwezi ya mwezi ujao itaangukia kwenye kodi yako. Nimeshaitenga. Lakini mvua zimeharibu mzigo, kwa hiyo ya chakula itapungua. Niambie ukweli, utaweza?"

Mtoto aliyeulizwa hivyo ana nafasi ya kujibu, "Hapana mama, sitaweza," wakati bado kuna wiki tatu za kutafuta njia.