Tununue Praima Kwanza



Muhula huu chama chetu cha kuunda mifano midogo ya vyombo na majengo kimepewa fedha kidogo za kununulia vifaa, na mabishano yamezuka juu ya matumizi yake. Wengi wataka zinunuliwe rangi kumi na mbili za akriliki, ili kila mmoja apate aipendayo. Mimi naona vingine. Tununue kwanza praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi tano tu.

Sababu ya kwanza ni kushika. Rangi ya akriliki ni maji yenye chembe za plastiki na za rangi. Maji yakikauka, chembe hizo hushikamana zikawa utando. Ukiipaka juu ya plastiki laini tupu, aghalabu hukusanyika matone matone kama maji juu ya jani la mgomba, na ikikauka hubanduka kwa ukucha. Mti nao huyanywa maji, nyuzi zake zikasimama, na ubao ukawa na makwaruzo. Kwa hiyo plastiki ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabla ya praima. Ubao upigwe msasa, upakwe praima, kisha upigwe tena msasa laini.

Sababu ya pili ni kuonyesha makosa mapema. Praima ya kijivu hufichua kila ufa na kila tone la gundi lililomwagika, wakati bado pana nafasi ya kusahihisha.

Wapo wasemao kwamba praima ni hasara, kwa kuwa mwisho wake haionekani. Hesabu yakataa. Manjano juu ya mti wa kahawia hutaka kupakwa mara nyingi. Juu ya praima nyeupe hutosha mara chache. Na unene una gharama yake. Katika kipimo cha 1 kwa 72, utando wa nusu milimita ni sawa na milimita 36 juu ya chombo chenyewe. Nani amewahi kuona jahazi lililopakwa rangi nene hivyo? Misumari na maungio ya mbao, tuliyoyachonga kwa majuma mengi, yote huzikwa. Yafaa tupake nyembamba, tungoje ikauke, ndipo turudie.

Tena, nyekundu, manjano, buluu, nyeupe na nyeusi zikichanganywa kwa akili hutoa rangi nyingi tuzitakazo.

Nawaomba walimu na wazazi watakaotuchangia wakumbuke jambo moja zaidi. Praima ya maji ya kupaka kwa brashi yatufaa kuliko ile ya kupuliza kutoka koponi, ambayo mvuke wake haufai kuvutwa ndani ya bweni. Brashi zenyewe huoshwa kwa maji papo hapo, kabla rangi haijakauka. Ikikauka, maji hayaiondoi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mafundi wa majahazi wa Pwani walikalafati nyufa na kupaka shahamu chini ya chombo, mahali ambapo abiria hakupaona kamwe. Siku ya maonyesho wageni hawataiona praima yetu. Lakini mwaka ujao, wadogo zetu watakapoifungua kabati, wataikuta rangi ingali imeshika.