Polisi wa mpakani nao waseme Kiswahili cha haki

Kijana wa bodaboda wa Busia anaweza kunywa chai Kenya, akampeleka abiria Uganda na kurudi kabla ya adhuhuri. Kwake mpaka ni barabara tu. Akikamatwa, ndipo anapokumbuka kwamba yuko kati ya nchi mbili.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa mahakama imefungwa. Ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inatoa saa 48. Uganda dhamana ya polisi hailipiwi hata senti. Kenya polisi wanaweza kudai fedha taslimu, lakini lazima watoe stakabadhi. Asiyejua tofauti hizi hutoa "kitu kidogo" ili aende zake, na kesho yake husimamishwa tena.

Kwa miaka mingi vijana wa miji ya Uganda wamezolewa kwa kosa la uzururaji. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa sababu tu ametiliwa shaka na hana kazi inayoonekana. Hukumu hiyo ina faida gani kwa kijana wa Tororo ambaye hajawahi kuisikia?

Kijana ana wajibu wake. Atembee na kitambulisho, ambacho tangu 2014 kinatosha kuvukia kati ya nchi hizi mbili. Asikimbie wala asitukane. Aulize kwa adabu: kosa langu ni lipi, na napelekwa kituo gani? Kisha awajulishe jamaa zake mapema.

Hata hivyo, adabu ya raia haiwezi kuziba pengo la serikali. Katiba zote mbili zinasema mtu aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Nchini Uganda Kiswahili kilizoeleka kuwa lugha ya askari na kambi, yaani lugha ya kuamrishwa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Basi lugha iliyotumika kuamuru itumike pia kueleza haki.

Vituo vya polisi vya Busia na Malaba, pande zote mbili, vibandike mlangoni ubao wa Kiswahili, pamoja na Kisamia na Kiteso, unaotaja saa, dhamana na mahali pa kulalamika. Liwepo pia dawati moja la malalamiko kwa raia wa nchi zote mbili.

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 ili lori lisimame mara moja badala ya mbili. Mizigo imepata utaratibu unaoeleweka. Kijana anayeishi kwa kuvuka mpaka huo kila siku naye anaustahili.