Nembo ya baiskeli haibebi gunia

MKULIMA wa Laela au Mpui anapokwenda Sumbawanga mjini kununua baiskeli, huuliza kwanza jina. Akisikia Raleigh, moyo unatulia, kwa kuwa baba yake alibebea mahindi baiskeli ya jina hilo. Asichoambiwa ni kwamba siku hizi jina nalo ni mali, huuzwa kama shamba.

Raleigh ilianzishwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1887. Kiwanda cha huko kilifungwa mwaka 2002 na utengenezaji ukahamia Asia. Mwaka 2012 kampuni ilinunuliwa na Accell ya Uholanzi, na mwaka 2022 Accell yenyewe ikachukuliwa na wawekezaji wakiongozwa na KKR ya Marekani.

Hata BMX zinazopendwa na vijana zimepita njia hiyo. GT, iliyoanzia California, ilinunuliwa na Pacific Cycle mwaka 2001 baada ya mmiliki wake kufilisika. Mwaka 2004 Dorel ya Kanada ikainunua Pacific, pamoja na jina la Mongoose. Mwaka 2022 Pon ya Uholanzi ikachukua biashara yote ya baiskeli ya Dorel kwa dola milioni 810.

Kuuziana majina si kosa. Tatizo ni kwamba mmiliki mpya anaweza kubadili kiwanda, unene wa bomba na aina ya vipuri, huku nembo ikibaki ileile. Kwa anayeteremka Lyamba lya Mfipa na gunia kwenye keria, fremu ikikatika au breki zikikataa, anayeumia si mwenye nembo.

Kwa hiyo mnunuzi akague sehemu zilizochomelewa, ajaribu breki, na aulize kama spoku, bearing na tairi zake zinapatikana Sumbawanga. Asiondoke bila risiti. Mwenye duka naye amtake mwagizaji aeleze baiskeli imetengenezwa wapi na vipuri vitatoka kwa nani, kwani mteja akikasirika hatakwenda Uholanzi. Atarudi dukani kwake.

Bidhaa bandia ni jambo jingine: hizo ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kuzikamata. Tume hiyo na Shirika la Viwango (TBS) wasiishie bandarini na miji mikubwa. Wafike hadi maduka ya Ufipa, ambako baiskeli moja ndiyo lori la familia nzima.