Mbiu ya simu yalia, nani anaamka?

Wahenga walituachia usemi kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakuona haja ya kuongeza kwamba mwenye kuisikia sharti ainuke, kwa maana enzi zao ni nadra mtu kuisikia akajifunika blanketi. Sisi wa leo, ndugu msomaji, tunahitaji kuongezewa.

Usiku mmoja majuzi, hapa Lanet ninapoishi, mtoto wa jirani yangu alishikwa na pumu. Mama yake, aliyekuwa peke yake nyumbani, alituma ujumbe wa kuomba msaada katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu, kundi lenye watu zaidi ya mia moja. Niliuona ujumbe huo mnamo saa saba usiku. Nikaandika, "Mungu amponye," nikalala. Asubuhi nilihesabu majibu 31, langu likiwa la tisa. Wengine walisema pole, wengine waliweka picha za mikono iliyounganishwa kwa sala, na mmoja alishauri mtoto apewe maji ya uvuguvugu. Hapana hata mmoja aliyebisha hodi.

Aliyemfikisha mtoto hospitalini ni kijana wa bodaboda ambaye hayumo katika kundi hilo, kwani simu yake ni ile ndogo yenye tochi tuliyozoea kuiita mulika mwizi. Mama alimpigia, akaja. Mtoto alipata nafuu, namshukuru Mola. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kati ya simu yangu ya bei ghali na ile ya kijana yule, ni ipi iliyo ya kisasa?

Aibu yangu ilizidi nilipokumbuka kuwa mtaa huu si mgeni wa mambo haya. Ni hapa hapa, katika lokesheni ya Lanet Umoja, ambapo mnamo 2011 Chifu Francis Kariuki, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia katika utawala, alianza kutumia mtandao wa Twitter, ambao tangu 2023 unaitwa X, kuwapasha raia habari za usalama. Hakungoja wananchi wawe na simu za gharama. Habari zake ziliwafikia hata wenye simu za kawaida kwa njia ya ujumbe mfupi. Mapema 2012 shirika la habari la Associated Press lilikieneza kisa chake ulimwenguni. Wezi walikuwa wamevamia nyumba ya mwalimu mnamo saa kumi za alfajiri. Chifu akapigiwa simu, naye akaandika. Punde si punde majirani wakakusanyika nje ya nyumba ile, na wezi wakatimua mbio. Hata kondoo akipotea, chifu alimtangaza vivyo hivyo, na wenye macho wakamtafuta.

Dunia ilimsifu chifu kwa werevu wake, na alistahili. Hata hivyo, naona sifa hizo zilikomea nusu ya njia. Ujumbe wa Twitter wakati huo haukuruhusiwa kuzidi herufi 140, na herufi 140 haziwezi kumfukuza mwizi. Waliomfukuza ni watu waliotoka vitandani saa kumi, katika baridi ya Nakuru, wakaenda kusimama mlangoni kwa mwenzao. Simu ilikuwa mbiu tu. Utu ulikuwa miguuni mwa walioitikia.

Kuna watakaonikosoa kwamba usiku una hatari zake, na kwamba mtu hatoki nje ovyo. Nakubali. Lakini hatari hizo zilikuwapo hata 2011. Kwa nini basi chifu akahitaji kuandika? Majirani wale walithubutu kutoka kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake naye anatoka. Sisi tumekosa ujuzi huo. Kila mmoja wetu huona majibu ya wenzake yakijipanga kwenye kioo, akadhani jambo limekwisha kushughulikiwa.

Wala sidai kuwa kila wito ni wa kuitikiwa. Sisi wa Nakuru hatujasahau Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 uliozua utata, ambapo jumbe za chuki na uchochezi zilisambazwa kwa simu nchini, na wako walioziitikia kwa mapanga. Isitoshe, simu hizo hizo ndizo zilizokuja kutuletea heri nyingi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mtoto aliye mjini humtumia mamake pesa za dawa kufumba na kufumbua. Chombo ni kimoja. Kinachotofautiana ni moyo wa anayekishika na malezi aliyoyapata.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kumiliki simu, na sababu zake zinaeleweka. Lakini marufuku si somo. Tunamzuilia kijana simu miaka yote ya sekondari, kisha anakabidhiwa siku anapomaliza, kama mtu anayepewa gari bila kuonyeshwa breki. Je, tukichukua kipindi kimoja cha ufupisho, tukawaambia wanafunzi waandike onyo kwa majirani kwa herufi zisizozidi 140? Waseme kuna nini, wapi, na nini kifanyike. Wataona ugumu wake, na watajifunza kuheshimu neno. Kisha tuwape swali la pili, lenye uzito zaidi: wewe uliyeupokea ujumbe huu, utafanya nini?

Nanyi wanafunzi, msidhani swali hilo ni la mtihani tu. Mimi nimelifeli nikiwa mtu mzima.

Chifu Kariuki aliaga dunia Oktoba 2020. Mwaka huo huo Twitter ilikuwa imesitisha huduma yake ya ujumbe mfupi katika nchi nyingi. Mwenye kupiga mbiu ameondoka, na njia aliyoitumia imefungwa katika sehemu nyingi. Kilichobaki ni sisi, na hicho ndicho kilichokuwa muhimu tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mama yule. Hakunilaumu, alinikaribisha chai, na mtoto akanionyesha daftari lake la hesabu. Nilimwandikia nambari yangu kwenye karatasi, akaibandika ukutani karibu na mlango. Siku hizi, nikilala, sizimi mlio wa simu, na viatu vyangu huviweka kando ya kitanda.