Morogoro Jazz haikuuawa na Mbaraka

Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka aliozaliwa mpiga gitaa wake Mbaraka Mwinshehe. Alipojiunga nayo katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Kwa hiyo dai linalorudiwa magazetini, kwamba bendi ilikuwa Mbaraka na kwamba kuondoka kwake mwaka 1973 kuunda bendi ya Super Volcano ndiko kulikoiua, linaanza hesabu katikati.

Ni kweli aliipandisha. Gitaa lake la solo lilifika hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na Radio Tanzania ilimfikisha hata kwa wasikilizaji wa Bukoba. Lakini mji uleule wa Morogoro una ushahidi wa kinyume: Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na bendi yake, Cuban Marimba, ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Nyota ikizimika, si lazima bendi izimike.

Wanaomwita Mbaraka msaliti kwa kuondoka hukwepa suala la vyombo. Katika bendi nyingi za wakati huo magitaa na ngoma vilikuwa mali ya klabu au tajiri; mwanamuziki aliyechoka na posho alibaki na njia moja, kuhama. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwalipa wanamuziki mshahara. Nayo ilihamwa sana, ikabadili majina kuwa JUWATA, OTTU, kisha Msondo Ngoma, lakini haikufa.

Super Volcano yenyewe ilipata pigo Januari 1979, Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa.